Mtakatifu George: Mfiadini Aliyekabidhiwa Mkuki

Utangulizi

Miongoni mwa majagina wa Ukristo ambao utakatifu wao umefungamana na silaha, hakuna aliyevuma kwa upana kama Mtakatifu George. Sura yake inajulikana mno: kijana aliyevaa deraya, amepanda farasi mweupe, mkuki wake umezama kooni mwa joka, na kando anasimama binti mfalme akitazama. Sura hiyo imechorwa katika makanisa ya Uhabeshi na Urusi, imekuwa nembo ya Wakatalani, na tangu mwaka 1817 imepigwa chapa kwenye sarafu ya dhahabu ya Uingereza. Lakini msomaji akirejea matini ya kale kabisa yanayosimulia habari za George, hatakuta joka la kuuawa wala binti mfalme wa kuokolewa. Atamkuta askari aliyeiacha hadhi yake ya kijeshi, akasimama mikono mitupu mbele ya mtawala, na silaha zote zimo mikononi mwa wanaomtesa.

Makala haya yananuia kuufuatilia mgeuko huo na kuuliza ni akina nani waliomkabidhi George mkuki, na kwa haja gani. Swali hilo si la wanahistoria wa kanisa peke yao. Yeyote anayeshughulikia fasihi ya kijagina, ikiwemo ile ya mwambao wa Afrika Mashariki, hukumbana nalo kwa namna yake: je, mighani ni historia iliyoshika kutu, na kazi ya mhakiki ni kuikwangua mpaka ukweli uonekane? Au ni tungo inayojitegemea, yenye kanuni na haja zake yenyewe? Makala haya yanaelemea rai ya pili, ingawa si bila ya masharti, kwa kuwa mighani inapobadilika kuna mtu anayefaidika na kuna kitu kinachopotea.

Kaburi lisilo na maisha

Mapokeo yanaeleza kwamba George alizaliwa Kapadokia, kwamba mamaye alikuwa mwenyeji wa Lida, mji wa Palestina uitwao leo Lod, kwamba alipanda cheo katika jeshi la Rumi, na kwamba alikatwa kichwa tarehe 23 Aprili 303 katika utawala wa Diocletian. Amri ya kwanza ya Diocletian dhidi ya Wakristo ilibandikwa Nikomedia mwezi Februari mwaka huo. Hilo ni la hakika. Mengine yote yanaegemea masimulizi yaliyoandikwa baada ya tukio kupoa.

Kilicho imara zaidi ni kaburi na heshima iliyolizunguka. Mnamo mwanzo wa karne ya 6 msafiri aitwaye Theodosius aliitaja Lida kuwa ndipo George alipouawa kwa ajili ya imani. Huko Izra, kusini mwa Syria, lingali likisimama kanisa ambalo maandishi yake yanaonyesha kuwa lilijengwa mwaka 515 kwa jina la George, mahali palipokuwa na hekalu la miungu ya kale. Katika karne ya 7 Askofu Arculf, ambaye simulizi zake ziliandikwa na Adomnán, abati wa Iona, alieleza juu ya nguzo ya Lida ambayo watu waliamini kuwa George alifungwa juu yake akapigwa mijeledi. Arculf anaongeza kisa cha mtu aliyeweka nadhiri ya kumtolea mtakatifu farasi wake akirejea salama kutoka vitani. Aliporudi, akaona afadhali atoe dhahabu abaki na farasi. Farasi akakataa kusogea hata hatua moja, na kila dhahabu ilipoongezwa akazidi kusimama kama jiwe, mpaka mtu yule akatoa vyote viwili. Inafaa kuzingatia kwamba farasi huyu, wa kwanza kuwa na nafasi ya maana katika simulizi za George, si farasi wa vita. Ni sadaka. Mtakatifu hampandi, anamdai.

Basi lipo kaburi, ipo nguzo, ipo siku ya kumbukumbu, lakini maisha hayapo. Pengo la namna hii huwaudhi wasomi, na wengi wamejaribu kuliziba. Eusebius, mwanahistoria aliyeishi nyakati hizo za mateso, anasimulia kuwa amri ya Diocletian ilipobandikwa Nikomedia mtu mmoja mwenye hadhi aliibandua akairarua hadharani, akauawa kwa ushujaa huo. Eusebius hamtaji jina. Wapo waliodai baadaye kuwa mtu huyo ni George. Dai hilo linavutia, kwa kuwa lingempa jagina tendo moja la hakika, lakini halina msingi: ingekuwa ajabu kwa Eusebius, aliyeishi Palestina na kuyajua makaburi yake, kulinyamazia jina la mfiadini wa Lida laiti angalijua kuwa ndiye yule. Upande wa pili yuko Edward Gibbon, aliyeandika katika karne ya 18 kwamba mtakatifu wa Waingereza si mwingine ila George wa Kapadokia, askofu wa kundi la Ario aliyejitajirisha kwa kuliuzia jeshi nyama ya nguruwe na kuuawa na umati wa watu wa Iskanderia mwaka 361. Kejeli hiyo ilipendwa sana, na Emerson aliirudia nchini Marekani. Nayo haisimami. Heshima ya mfiadini wa Lida ilishamiri katika makanisa yaliyowachukia wafuasi wa Ario, na ni vigumu kuona vipi wangemtukuza adui wao.

Kosa la Gibbon na kosa la wale waliomchukua mtu wa Eusebius ni kosa moja. Wote wanadhani kuwa nyuma ya mighani lazima awepo mtu mmoja mwenye wasifu kamili, na kwamba akipatikana mighani itakuwa imeelezeka. Hippolyte Delehaye, Mjesuti aliyechapisha mwaka 1909 uchunguzi wa mighani za Kigiriki za watakatifu askari, alikuwa na busara zaidi: alilikubali kaburi la Lida, akakataa kuyageuza masimulizi kuwa wasifu.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili unalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Kaburi linalosemekana kuwa la Fumo Liyongo linaonyeshwa Kipini, karibu na mlango wa mto Tana. Mashairi yanayohusishwa naye yanaimbwa. Utendi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913 unasomwa vyuoni. Pamoja na hayo wataalamu wametofautiana kwa karne nyingi kuhusu wakati alioishi. Mjadala huo una thamani yake, lakini umechukua kurasa nyingi kuliko uchambuzi wa tungo zenyewe, kana kwamba Liyongo anayekufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wakaogopa kumkaribia, hawezi kutuathiri mpaka tarehe yake ijulikane.

Askari wenye hati

Ipo kejeli ya historia ambayo haina budi kutajwa hapa. Kanisa la kale lilikuwa na askari wafiadini ambao habari zao zimehifadhiwa kwa namna inayofanana na kumbukumbu za mahakama: fupi, kavu, zenye tarehe na majina ya maofisa. Wawili kati yao ni wa Afrika. Mnamo tarehe 12 Machi 295, huko Theveste, mji ulioko leo nchini Algeria, kijana Maximilianus mwenye umri wa miaka 21 aliletwa mbele ya liwali ili aandikishwe jeshini. Alikataa kupimwa kimo na kuvishwa alama ya askari, akasema yeye ni Mkristo na hawezi kuwa askari wa dunia. Baba yake, Fabius Victor, alikuwapo, na liwali alipomtaka amrudi mwanawe alijibu kuwa mwana ana akili zake. Maximilianus akakatwa kichwa. Miaka mitatu baadaye Marcellus, akida katika jeshi la Rumi, aliutupa mshipi wake wa kijeshi mbele ya bendera siku ya sherehe ya watawala, akahukumiwa Tingis, yaani Tangier ya leo, akauawa.

Hawa wawili wana kila kitu ambacho George hana: tarehe, mahali, maneno, na majina ya mahakimu. Hata hivyo ni nani anayewakumbuka nje ya vitabu vya wataalamu? Hakuna ufalme uliojiweka chini ya ulinzi wa Maximilianus. Sababu haifichiki sana. Kijana anayekataa kupimwa kimo hawezi kuwa nembo ya jeshi lolote. Hati yake inamlinda dhidi ya matumizi. Kila anayetaka kumtia mkuki mkononi anazuiwa na maneno yake mwenyewe. George hakuwa na kinga hiyo. Pengo katika maisha yake ndilo lililomfanya afae kwa kila haja, ya wanyonge na ya wafalme pia.

Kifo mara tatu

Simulizi ya kale ya mateso ya George, ambayo vipande vyake vya Kigiriki vimesalia katika hati ya karne ya 5, ilienea upesi katika Kilatini, Kisiria, Kikopti, Kiarmenia na Kigeez. E. A. Wallis Budge alichapisha matini ya Kikopti mwaka 1888 na yale ya Kihabeshi mwaka 1930. Ndani yake Diocletian hayumo. Yupo Dadianos, mfalme asiyejulikana na historia yoyote, aliyewakusanya wafalme 70 chini yake ili kuung'oa Ukristo. George anafika mbele ya baraza hilo akiwa amekwisha gawa mali yake kwa maskini. Anateswa kwa miaka 7. Anafungwa kwenye gurudumu lenye visu, anakatwa vipande, anachomwa, anapewa sumu na mchawi Athanasius, ambaye mwishowe anaongoka. Anakufa, anafufuliwa. Anakufa tena, anafufuliwa tena. Mara ya tatu pia. Anawafufua watu waliozikwa zamani ili watoe ushahidi. Anamvuta malkia Alexandra katika imani, naye malkia anauawa na mumewe. Ni pale tu George mwenyewe anapokuwa tayari ndipo upanga unafanikiwa.

Kanisa la Roma halikupendezwa. Orodha ya vitabu inayohusishwa na Papa Gelasius, ambayo yaelekea ilikusanywa katika karne ya 6, inaitaja simulizi ya mateso ya George miongoni mwa zile zilizodhaniwa kutungwa na wazushi, na kwa hiyo hazikusomwa kanisani. Wahakiki wengi wa kisasa wameufuata uamuzi huo kwa sababu zao: wameiona simulizi kuwa ya kuchosha, iliyojaa chuku na marudio.

Lawama hiyo ina kasoro. Chuku na marudio si makosa ya msimulizi asiyejua kazi yake, ni mbinu. Atakayeyapima masimulizi haya kwa mizani ya riwaya atayaona mabovu, kama vile atakavyouona mbovu utendi wowote wa vita vya dini ambamo shujaa mmoja anavunja safu nzima za maadui. Msikilizaji wa Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, hakuwa akihesabu maiti. Alikuwa akiongozwa, beti baada ya beti, kwenye yakini kwamba upande fulani hauwezi kushindwa. Simulizi ya George inafanya kazi hiyo hiyo kwa njia iliyopinduliwa. Tendi za vita huonyesha nguvu za jagina kwa idadi ya anaowaua. Simulizi hii huzionyesha kwa idadi ya mara anazouawa. Kila marudio yanamvua mfalme ujanja mmoja, mpaka anabaki na wafalme wake 70, magurudumu yake na wachawi wake, akiwa hana la kufanya. Ni ujagina wa mwili usiokwisha. Kwa hadhira ya wakulima wa Misri na Syria, waliojua kodi na fimbo ya dola, mfalme anayechoka kabla ya mtu anayempiga hakuwa chuku tupu.

Ndiyo sababu haikuwa vigumu kwa simulizi hii kuvuka mpaka wa dini. Al-Tabari, aliyefariki mwaka 923, anaisimulia kwa urefu katika historia yake. George anaitwa Jirjis. Mfalme dhalimu yuko Mosul. Sanamu anayotakiwa kuiabudu inaitwa Aflun, jina linalorudisha mwangwi wa Apollo. Mateso, vifo na ufufuo vimo vile vile, ila anayeshuhudiwa ni Mungu mmoja, na Jirjis ni mja mwema aliyeishi baada ya Isa. Al-Tha'labi naye alimweka katika visa vyake vya manabii. Huko Mosul palikuwa na msikiti wa Nabii Jirjis uliotembelewa kwa karne nyingi, mpaka ulipobomolewa mwaka 2014 na wapiganaji wa kundi lililojiita Dola ya Kiislamu. Wabomoaji hao walidai kuitakasa dini na mambo ya kuzua. Wangeshangaa kuambiwa kuwa wanatekeleza, kwa baruti, hukumu inayokaribiana na ile iliyotolewa Roma kwa kalamu.

Sitiari inayogeuka mnyama

Joka lilitoka wapi? Majibu yametolewa mengi. Wapo wanaomtaja Perseus wa Wagiriki, aliyemwokoa Andromeda kutoka kwa mnyama wa bahari huko Yafa, bandari isiyo mbali na Lida. Wapo wanaoonyesha sanamu ya karne ya 4 kutoka Misri, iliyoko katika makumbusho ya Louvre, ambamo mungu Horus, amevaa kama askari wa Kirumi na amepanda farasi, anamchoma mamba kwa mkuki. Tena inajulikana kuwa joka lilikuwa la mtakatifu mwingine, Theodore, kabla halijawa la George. Watakatifu askari walikuwa wakiazimana sifa kama waimbaji wanavyoazimana beti.

Maelezo hayo yote yana nafasi yake, lakini yanasahau ushahidi ulio ndani ya matini yenyewe. Katika simulizi ya kale ya Kigiriki, Dadianos anaitwa joka. Ni sitiari ya kawaida katika lugha ya mashahidi wa imani, iliyorithiwa kutoka Kitabu cha Ufunuo: mtawala anayewatesa waumini ni nyoka yule wa zamani. Kisha, katika picha za kale za nchi ya Jojia, zilizofuliwa kwa fedha katika karne ya 10 na ya 11, George amepanda farasi na anachoma kwa mkuki. Lakini anayechomwa si mnyama. Ni mtu aliyevaa taji. Ni mfalme mtesaji, ameanguka chini ya kwato. Katika karne hiyo ya 11, na katika lugha hiyo hiyo ya Kijojia, ndipo inapopatikana moja ya simulizi za mwanzo kabisa za George na joka, katika mji uitwao Lasia, kwa mfalme aitwaye Selinus.

Hatua zinaonekana wazi. Kwanza mfalme anafananishwa na joka. Baadaye mfiadini anapewa farasi na mkuki, analipiza kisasi juu ya mfalme-joka. Mwisho mfalme anatoweka na joka linabaki, sitiari imeota magamba na mkia. Hapo ndipo penye kitu cha kusikitisha. Mwanzoni adui alikuwa mtawala, na hadhira ilijua ni mtawala. Joka lilipokuwa mnyama, mtawala aliponyoka. Tena aliponyoka kwa ustadi: akahamia upande wa pili wa picha. Katika simulizi mpya mfalme ndiye baba mwenye huzuni, anayestahili kuokolewa.

Jacobus wa Voragine, mtawa Mdominiko aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Genoa mwaka 1292, ndiye aliyeipa simulizi hiyo umbo lililoenea Ulaya nzima. Katika mkusanyiko wake uitwao Legenda Aurea, wa karne ya 13, mji ni Silena, huko Libya. Joka linaishi ziwani na pumzi yake ni sumu. Wenyeji wanalilisha kondoo wawili kila siku. Kondoo wanapopungua, linapewa kondoo mmoja na mtu mmoja, anayepatikana kwa kura. Watoto wa mji wanakwisha. Kura inapomwangukia binti mfalme, baba anatoa dhahabu na nusu ya ufalme ili asamehewe.

Hapa simulizi inafikia kilele chake cha kweli, na ajabu ni kwamba wachoraji hawajawahi kukichora. Watu wanakataa. Wanamwambia mfalme kwamba sheria ni yake mwenyewe, kwamba watoto wao wamekwisha liwa, na kwamba asipoitimiza kwa bintiye watamchoma pamoja na nyumba yake. Kwa muda mfupi sauti ya zamani inarudi: mtawala ameshtakiwa mbele ya watu wake. Kisha George anapita, kwa bahati, amepanda farasi, na mashtaka yanaachwa kiporo. Analijeruhi joka, anamwamuru binti alifunge shingoni kwa mshipi wake, nalo linamfuata mjini kama mbwa mpole. Watu wanakimbia. George anawaambia wasiogope. Wakikubali kubatizwa ataliua. Wanabatizwa kwa maelfu. Mhakiki hana budi kuuliza kama ubatizo unaofanyika huku joka limesimama uwanjani ni tofauti sana na uandikishaji alioukataa Maximilianus. Jacobus haulizi. Lakini ana uaminifu wa aina nyingine: katika sura hiyo hiyo anakiri kuwa habari za mfiadini huyu zilihesabiwa miongoni mwa zisizo na uthibitisho, kisha anaendelea kuzisimulia. Anasimulia pia kuwa George aliikataa fedha ya mfalme akaagiza igawiwe maskini, chembe iliyosalia ya yule kijana aliyegawa mali yake kabla ya kusimama mbele ya Dadianos.

Wafalme na mtakatifu wao

Kufikia wakati wa Jacobus, George alikuwa amekwisha ingizwa vitani. Masimulizi ya Vita vya Msalaba yanaeleza kwamba katika pigano la Antiokia mwaka 1098 jeshi la farasi weupe lilionekana likishuka milimani, likiongozwa na George, Mercurius na Demetrius. Edward wa Tatu wa Uingereza alimfanya msimamizi wa shirika la mashujaa wake lililoundwa mwaka 1348. Wareno, waliomwita kwa jina vitani, waliipa ngome yao ya Guinea jina la São Jorge da Mina mwaka 1482. Katika ngome hiyo, iliyoko Elmina nchini Ghana, watumwa walifungwa kabla ya kuvushwa baharini. Mfiadini aliyefungwa minyororo akawa jina la nyumba ya minyororo. Na huko Brazil, walikopelekwa wengi wao, Waafrika walimchukua mtakatifu wa mabwana zao wakamfunganisha na Ogun, mwenye chuma na vita, kama inavyoonekana mpaka leo Rio de Janeiro.

Jina lenyewe, ambalo kwa Kigiriki maana yake ni mkulima, lilisahauliwa na watu wa vita, ingawa si na wote. Kwa wakulima wa Urusi siku za George ziligawa mwaka wa kazi: ya masika, mifugo ikitolewa malishoni, na ya Novemba, ambapo zamani wakulima waliruhusiwa kumhama bwana mmoja kwenda kwa mwingine. Mshairi Edmund Spenser naye, katika utendi wake wa mwaka 1590, alimfanya shujaa wake aokotwe akiwa mtoto mchanga katika mfuo wa shamba na kulelewa na mlimaji.

Ni Uhabeshi ambako mikondo hii miwili, wa mfiadini na wa mpiganaji, ilikutana bila ya mmoja kuumeza mwingine. Huko Lalibela, kanisa la Bete Giyorgis limechongwa kutoka juu kwenda chini katika mwamba mmoja, kwa umbo la msalaba. Wenyeji husimulia kwamba mfalme Lalibela alipokwisha kuyachonga makanisa mengine, George alimtokea amepanda farasi, amekasirika kwamba hakukumbukwa. Nyayo za farasi wake bado zinaonyeshwa. Katika kalenda ya Kihabeshi tarehe 23 ya kila mwezi ni yake. Siku ya vita vya Adwa, tarehe 1 Machi 1896, ilikuwa tarehe 23 ya mwezi wa Yekatit, na taboti ya George ilikuwa imebebwa mpaka uwanjani pamoja na jeshi la Menelik. Waitalia waliposhindwa, ushindi ulihesabiwa kuwa wake. Wachoraji wa Kihabeshi wa mapigano hayo humweka juu angani, ndani ya duara la rangi, mkuki wake ukielekezwa kwa wavamizi.

Yafaa kutazama kwa makini kilichotokea katika picha hizo. Joka halipo. Aliye chini ya mkuki ni tena mtu mwenye dola, kama ilivyokuwa katika fedha za Jojia. Mgeuko uliomponyosha mtawala umerudishwa nyuma. Bila shaka Menelik naye alikuwa mtawala, na waliotekwa kwa upanga wake kusini mwa nchi wangekuwa na picha yao tofauti ya kuchora. Kanisa kuu la George lililojengwa Addis Ababa kwa kumbukumbu ya ushindi huo ndiko Zewditu alikotawazwa mwaka 1917 na Haile Selassie mwaka 1930, na majeshi ya Mussolini yalipolichoma mwaka 1937 yalijua vizuri yanachoma nini. Lakini hata katika Uhabeshi wa wafalme, binti wa simulizi hakupotea nyuma ya farasi. Ana jina, Birutawit, yaani mwenyeji wa Beirut, na mara nyingi anachorwa amekaa juu ya mti, akiyatazama yote kutoka juu.

Lida kwenyewe mambo yamekwenda kimya zaidi. Kanisa la Wapiganaji wa Msalaba lilibomolewa na Salahuddin mwaka 1191. Lililopo ni la karne ya 19, na ukuta wake umepakana na msikiti. Waislamu wa Palestina humhusisha George na Khidhri, yule mja ambaye mapokeo yanamtaja kuwa mwenzake Nabii Musa katika safari iliyosimuliwa kwenye Sura ya al-Kahf. Karibu na Bethlehemu kipo kijiji cha al-Khadr, karibu wakazi wake wote Waislamu, chenye kanisa la Kiorthodoksi la George. Mwanzoni mwa Mei, siku yake inapoadhimishwa kwa kalenda ya kale, Wakristo na Waislamu huingia pamoja. Picha ya joka imo humo kama ilivyo kila mahali. Lakini wanachokiendea ni mnyororo wa chuma. Zamani wagonjwa wa akili walifungwa nao humo kanisani wakingojea kuponywa. Siku hizi mtu huuvalia shingoni, huupitisha mwilini mpaka miguuni, akautoka, akaubusu, akampa anayefuata.